Wifi Hafichwi Jikoni

Katika nyumba ile, cherehani ilianza kusema kabla ya watu. Mke aliikanyaga tangu alfajiri. Wifi yake, ambaye mguu wake mmoja ulipooza utotoni, aliketi kwenye meza ndefu akikata vitambaa. Mkasi wake haukukosea mstari. Ulimi wake haukuwa na mstari. Mume alipiga pasi. Aliipiga kwa bidii zaidi kuliko ujuzi, na jambo hilo lilijulikana kwa wote isipokuwa yeye.

Lakini wateja walikuwa wameadimika, kwa kuwa madukani nguo zilizokwisha kushonwa zilijaa tele. Mume alikuwa ameahidiwa kazi kwenye machimbo ya mawe, mbali sana na nyumbani. Angekuwa akirudi mara moja kwa mwaka. Tangu habari hiyo ifike, mke alishona kwa nguvu, na sindano zikawa zinavunjika.

Ndipo hospitali ya serikali ikatangaza zabuni, yaani ikawaita wauzaji washindane kuiuzia shuka za wodini. Familia ile iliomba. Ikajibiwa kwamba mkaguzi angekuja kuitazama karakana.

"Tujipange," mume alisema. "Mimi nitasimama mbele kama bosi. Serikali ikikuta hapa wanawake watupu, itaondoka."

"Tumevaa, kaka," wifi alisema.

"Unajua ninachosema."

Mke aliinamisha macho. "Wifi, siku hiyo ungekaa jikoni kidogo."

"Niende na mguu wangu, au niuache hapa?"

"Nenda nao."

"Ahsante kwa kutotutenganisha."

Mume akasukuma gunia la mabaki ya vitambaa chini ya kitanda. Wifi alikuwa akiyaunga mabaki hayo kuwa foronya na matambara ya kudekia, lakini kwa macho ya mume yalionekana kama takataka.

Jirani yao aliyafuata mazungumzo hayo yote akiwa mlangoni. Alikuja kuchukua suruali yake. Kabla ya kustaafu alifanya kazi katika ofisi ya ununuzi ya serikali, na hospitali ilipowaita wazabuni mkutanoni, alikwenda kusikiliza. Wastaafu wengine hucheza bao.

"Mnaficha mtaji wenu," alisema.

"Mtaji gani, mzee?" mke aliuliza.

"Huyo wifi yako, hilo gunia, na wewe mwenyewe. Zamani ofisi ilitazama bei tu. Shuka zililetwa kutoka mbali, zikafuliwa mara chache, zikawa chandarua. Tukanunua tena. Urahisi ule ulikuwa ghali mno. Sasa hospitali inauliza mengine pia. Shuka itadumu? Mabaki yanatupwa mtoni au yanatumika? Nani anapata kazi? Ndiyo maana zabuni imegawanywa mafungu. Moja limetengwa kwa vikundi vya wanawake na watu wenye ulemavu, wasimezwe na viwanda vikubwa. Hela ni ya umma. Ikinunua shuka, ikaleta ajira na kuuacha mto safi, umma umepata faida mara tatu."

Mke hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna. "Kwa hiyo ni sadaka."

"Sadaka haikaguliwi mshono, binti yangu. Mkishona vibaya mtakosa, hata mngekuwa malaika."

"Na chai ya mkaguzi?" mume aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kunyweni wenyewe. Mkimpa rushwa mtaondolewa, na itakuwa haki."

Wifi aliweka mkasi mezani. "Mficha uchi hazai. Kaka, rudi kwenye pasi."

Mkaguzi alipofika, alimkuta kila mtu mahali pake na gunia katikati ya chumba. Alivuta shuka, akailowesha, akaivuta tena. Pindo moja likaachia. Mke alilifumua papo hapo, akalishona upya kwa mishono miwili, na safari hii mkaguzi alivuta hadi akachoka. Kisha akapekua foronya za mabaki, moja baada ya nyingine.

"Nani mwenye karakana?" aliuliza.

Mume alifumbua kinywa kwa mazoea. Akakifumba, akawaonyesha wale wawili.

"Na wewe?"

"Mimi ni mume wa bosi. Napiga pasi."

Mkaguzi alitazama mikunjo iliyobaki kwenye shuka za mezani. "Naona," alisema.

Hawakupewa zabuni yote. Mafungu makubwa yalichukuliwa na kiwanda, na hakuna aliyelia. Wao walipata lile fungu dogo lililotengwa, pamoja na oda ya foronya ambayo hawakuitarajia. Kazi ilipozidi, walimwajiri mjane wa nyumba ya nyuma akae kwenye cherehani ya pili. Uzi walinunua duka la mtaani, na mwenye duka akaanza kuwaamkia yeye kwanza. Wodini, shuka zilifuliwa na kufuliwa, nazo zikabaki kuwa shuka.

Siku ya safari, msimamizi wa machimbo alipita kumchukua mume. Alimkuta amezungukwa na marundo meupe, jasho likimtiririka.

"Twende, gari linangoja."

"Siwezi kuja, ndugu yangu. Bosi hajaniruhusu."

Msimamizi alimgeukia mke, akisubiri amkanye mumewe kwa mzaha huo. Mke hakuinua kichwa kutoka kwenye pindo.

"Mwambie afunge mlango akitoka," alimwambia mumewe. "Sitaki vumbi la mawe kwenye shuka za wagonjwa."