Gari la Fahad

Kila alasiri basi la shule lilimshusha Rita kwenye lango la gereji, kusini mwa Jeddah, kwa sababu mama yake, Hannah, alikuwa zamu hospitalini na nyumbani kwao, mtaa wa Sharafiya, hapakuwa na mtu. Rita alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alimwamkia baba yake, akanywa maji, kisha akaketi katika ofisi ndogo yenye kiyoyozi kufanya hesabu zake huku nyundo zikilia nje.

Baba yake, Elkanah, alikuwa mhandisi wa magari. Kazi yake ilikuwa kufufua magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya milango miwili, yenye boneti ndefu na injini inayonguruma mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Wapenzi wa magari hayo walikuwa radhi kutoa mali nyingi, ila kwa sharti moja: gari liwe lilelile lililotoka kiwandani. Ndiyo maana Elkanah alimfundisha binti yake kutazama.

"Rangi ni nguo tu," alikuwa akimwambia. "Inua zulia uone palipochomelewa. Mashine ya kiwandani huacha vidoa vya duara vilivyopangana sawa. Mkono wa fundi huacha mshono."

Mwaka huo gereji ilipata gari lililokuwa limelala shambani muda mrefu. Injini ilikuwa nzima, lakini bodi ilikuwa imeliwa na kutu, ukiibonyeza kidole kinazama. Bosi, mwenye gereji na kafili, yaani mdhamini, wa Elkanah nchini humo, akaagiza bodi ya gari jingine la aina hiyohiyo, la bei ya chini. Injini na giaboksi vikahamishiwa humo. Kisha bosi akaamuru kibati chenye namba ya chesisi king'olewe kwenye bodi ya zamani na kupachikwa kwenye hiyo ya pili. Elkanah akakipachika huku moyo ukimsuta. Bodi ya zamani ikachukuliwa na lori la vyuma chakavu, na gari likapigwa rangi nyekundu ya kuvutia macho.

"Bosi, kubadilisha bodi si kosa," Elkanah alisema. "Kosa ni kuficha. Na kile kibati hakikupaswa kuhama. Mnunuzi lazima aambiwe."

"Asipouliza, wewe nyamaza," bosi akajibu. "Likiuzwa, ikama yako naihuisha. Lisipouzwa, halas, rudi kwenu."

Rita aliyasikia hayo kupitia mlango wa ofisi, na penseli ikamponyoka. Tangu alipokuwa na miaka mitano alikuwa ameishi Nyamira kwa bibi yake, akiwaona wazazi kwenye simu tu, mpaka mwaka uliopita walipofaulu kumleta Jeddah. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilifungamana na ya baba. Baba akiondoka, naye angeondoka, na mama angebaki peke yake kumalizia mkataba wake. Familia ingegawanyika tena. Siku hiyo hakumaliza hesabu hata moja.

Mnunuzi alikuwa mzee wa Riyadh aitwaye Saleh. Shule zilikuwa zimefungwa, na Hannah hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo Rita akasafiri na baba yake ndani ya lori lililobeba gari. Walikatiza jangwa kutwa nzima. Elkanah hakuimba wala hakutania kama kawaida yake. Rita alipomuuliza kama anaumwa, alisema, "Sijambo, mama," akaendelea kutazama barabara.

Nyumba ya Mzee Saleh ilikuwa mtaa wa Al-Malqa, miongoni mwa majumba yenye kuta ndefu. Mzee mwenyewe alitoka kuwapokea, fimbo mkononi. Gari liliposhushwa, aliweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo.

"Hili lilikuwa la kaka yangu Fahad," alimwambia Rita kwa Kiarabu. Rita alikijua Kiarabu kuliko baba yake, maana alikiokota kwa kucheza na watoto wa mtaa wao. "Alifariki akiwa kijana bado. Baba yetu akaliuza gari kwa uchungu. Namba yake naijua kwa moyo, na nimelitafuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

Rita aliliangalia gari, kisha mzee. Alikuwa amedhani mnunuzi ni tajiri tu anayetaka kujionyesha kwa wenzake.

Wakati huo simu ya Elkanah ikalia. Alikuwa bosi, akitaka kujua mambo yamefikia wapi. Elkanah akasogea hadi langoni. Mzee Saleh akafungua buti, akapitisha vidole vyake chini ya kifuniko, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Hapa," alisema. "Fahad alikwaruza majina yetu hapa kwa msumari. Baba alituchapa wote wawili siku hiyo!" Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Siyaoni. Labda yamefunikwa na rangi. Binti, wewe mtoto wa fundi bila shaka unashinda gerejini. Hebu niambie, bodi hii ndiyo ileile?"

Rita aliyajua majina hayo. Kabla lori la vyuma chakavu halijaja, alikuwa amechutama nyuma ya bodi ya zamani na kuyasoma, herufi moja moja, akifurahi kwamba sasa anaweza kusoma Kiarabu. Sasa aliyakumbuka. Akakumbuka pia chumba cha bibi kule Nyamira, na mama aliyekuwa sura tu kwenye simu.

"Ndiyo, ami," alisema haraka. "Wallahi, ndiyo ileile."

Kwa watoto wa Sharafiya neno hilo lilikuwa la kila dakika. Aliyegusa mpira kwa mkono alilisema, aliyemaliza biskuti za mwenzake alilisema, na Rita alilitumia kama kusema "kweli" tu. Lakini Mzee Saleh hakuwa mtoto wa Sharafiya. Kwake, aliyetamka hivyo amemwita Mungu awe shahidi. Aliutoa mkono wake ndani ya buti na hakuchunguza tena kitu chochote. Zulia hakuliinua. Mlango hakuufungua.

"Halas, yatosha," alisema, na machozi yakamtoka bila haya. "Basi majina yapo. Nitaikwangua rangi mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka niyapate."

Akaingia ndani kuagiza kahawa.

Rita alibaki amesimama kando ya buti. Alimwona mzee yule akilini, ameinama juu ya buti siku baada ya siku, akikwangua na kukwangua, akitafuta majina ambayo hayapo tena duniani. Baba aliporudi, alimkuta analia.

"Kuna nini, Rita? Nani amekugusa?"

"Baba, ameniuliza kama bodi ni ileile. Nikasema ndiyo. Nikaapa."

"Umeapa? Nani alikutuma kuapa?"

"Hakuna. Sikutaka turudishwe, Baba. Sikutaka tumwache Mama."

Elkanah alitaka kumkemea, akajizuia. Aliketi kwenye ukingo wa njia akajishika kichwa. Rita akaogopa kuliko kama angepigwa.

"Mimi ndiye niliyepaswa kuulizwa," alisema mwishowe. "Twende. Nitasema mimi, wewe utafasiri. Usipunguze neno."

Mzee Saleh alitoka na birika la kahawa, akawakuta wamesimama mbele ya gari. Elkanah aliinua zulia la ndani, akamwonyesha mshono wa mkono kuzunguka kibati kilichopachikwa upya. Akaeleza kwamba injini na giaboksi ni vya gari la Fahad, lakini bodi ni ya gari jingine kabisa. Rita alifasiri yote, sauti ikimkatika.

"Lina thamani gani basi?" mzee aliuliza.

"Thamani ya injini nzuri iliyowekwa ndani ya bodi ya kawaida," Elkanah akajibu. "Haifiki nusu ya bei uliyoambiwa. Na kibati hicho kitakuingiza mashakani."

"Na bodi ya zamani iko wapi?"

"Imeshasagwa, mzee."

Mzee Saleh aliliweka birika chini. "Majina yalikuwepo?" aliuliza, na safari hii alimtazama Rita.

Rita hakungoja baba yake aseme. "Yalikuwepo, ami. Niliyasoma. La Fahad lilikuwa juu, lako chini yake. Nisamehe."

Mzee aliipapasa boneti mara ya mwisho, kisha akaondoa mkono.

"Binti," alisema mwishowe, "jua ulichofanya. Nilikuwa natafuta kwa vidole vyangu mwenyewe. Ulipoapa, niliacha kutafuta. Mtu akiapiwa huyafumba macho yake, akatumia ya yule aliyeapa. Usimfumbe mtu macho kisha ukamwongoza shimoni." Kisha akamgeukia Elkanah. "Injini nitainunua kwa bei yake ya haki, maana Fahad aliishika kwa mikono yake. Kesho iondoe. Mengine mrudishie bosi wako, na umwambie nimejua kila kitu."

Bosi alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu "halas", na ikama haikuhuishwa. Kibati kiling'olewa kabla gari halijaonyeshwa kwa mtu mwingine, kwa kuwa sasa palikuwa na mtu Riyadh aliyeijua namba ile. Lakini Elkanah na binti yake walipewa viza ya kuondoka. Mzee Saleh hakupiga simu, na hakuna aliyetokea kuwaokoa.

Hannah aliwasindikiza uwanja wa ndege wa Jeddah akiwa na sare zake za uuguzi, maana zamu yake ilikuwa ikimngoja. Alimkumbatia Rita kwa nguvu, akamrekebishia kola, akaondoka upesi ili asionekane analia.

Rita alimtazama mpaka akapotea kwenye umati. "Baba, nieleze ukweli," alisema. "Tungenyamaza, tungekuwa bado tuko pamoja?"

Elkanah hakuukwepa uso wake. "Ndiyo, tungekuwa pamoja," alijibu. "Sitakudanganya. Mimi nilijidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo. Kumbe niliacha pengo, ukaja ukalijaza wewe, mtoto wangu. Tungekuwa pamoja, Rita, lakini kila ukiniambia jambo ningejiuliza kama ni kweli, nawe ungejiuliza vivyo hivyo juu yangu. Mkataba wa mama yako utakwisha na atarudi kwetu. Kuaminiana kukiisha, hakuna wa kukurudishia."

Abiria wa Nairobi wakaitwa. Elkanah akabeba mabegi mawili, Rita akabeba la tatu, wakaingia kwenye foleni.