Chifu Huanza

Jumapili baada ya kanisa, nyumba ya Pelenatete ilijaa mpaka mlangoni. Walikuwepo mashemeji, watoto, hata jirani aliyedai amekuja kuazima kiberiti. Magimbi yameshatolewa kwenye mawe ya moto. Nyama ya chumvi, ile inayouzwa kwenye ndoo, inanukia. Lakini hakuna aliyegusa chakula. Wote walimngoja Tavita, chifu wa ukoo, kaka yake Pelenatete, aanze kula.

Pelenatete alimpelekea kipande kinono kuliko vyote, kama kawaida. Alipoinama kuweka sinia akaona miguu ya kaka yake. Imevimba. Miguu ya marehemu mama yao ilianza hivyohivyo, kabla figo hazijafa.

"Kaka, miguu hiyo vipi?"

"Viatu vya kanisani vinabana. Lete nyama, dada."

Nesi Akenese alikuwa miongoni mwa wageni. "Viatu umeshavivua, mzee. Njoo kliniki nikupime mkojo na presha."

"Ya nini? Sisi ni wanene tangu babu. Na figo ndizo zilizomuua mama. Ni damu yetu hiyo. Utagombana na damu?"

Watu wakacheka. Pelenatete hakucheka.

"Kweli, mengine mmerithi," Akenese akasema. "Kuna vinasaba vinavyoufanya mwili ushike mafuta upesi. Kuna vingine vinavyoziacha figo dhaifu. Unene nao huleta presha na sukari, figo zikazidi kuchoka. Lakini kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Na figo zikiumia hazipigi kelele. Kipimo ndicho kinachosema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

"Basi waanze hawa," Tavita akasema, akiwaonyesha watu.

"Nani atakutangulia?" Pelenatete akauliza taratibu. "Humu hata mtoto mwenye njaa hali kabla yako. Usipopimwa wewe, hapimwi mtu. Na mimi ni mtoto wa mama yuleyule."

Tavita akamtazama. Kicheko kikaisha.

"Mama alikwenda hospitali, wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu," akasema kwa sauti ndogo. "Naogopa, Pele."

"Mama alichelewa. Twende wote."

Kesho yake chifu alikaa kiti cha kwanza kliniki, ukoo mzima nyuma yake. Pelenatete alikuwa salama. Mkojo wa Tavita ulikuwa na protini, na presha ilikuwa juu. Figo zimeanza kuumia, lakini bado zinafanya kazi. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, atembee, na arudi kupimwa.

Jumapili iliyofuata Pelenatete alimwekea samaki wa asubuhi ile, ameokwa kwa ndimu.

"Chifu anapewa samaki?" jirani wa kiberiti akanong'ona.

Tavita alikula mpaka miiba ikang'aa. "Anayetaka nyama ya ndoo, kwake kuna jiko," akasema. "Na kiberiti tumeshampa."

Miezi ikapita. Vipimo vikawa vizuri zaidi. Asubuhi moja, wakijiandaa kwenda kanisani, Pelenatete aliinama akamfunga kaka yake kamba za viatu.

"Vinabana?"

"Vinapwaya," Tavita akasema. "Kaza kidogo, dada. Leo tunakwenda kwa miguu."