Umeme wa Melini Si wa Nyumbani

Nyumba ya Vumilia pale Rwamgasa ilikuwa na soketi moja tu ukutani, lakini nusu ya mtaa ilichaji simu hapo. Asubuhi muuza maandazi alileta simu yake. Jioni wachimbaji walileta simu zao na tochi za kichwani. Vumilia hakumnyima mtu. Kuna aliyemletea karanga, kuna aliyemchotea maji, na kuna aliyesema asante tu. Wote aliwapokea sawa.

Soketi moja iliwatosha watu wengi kwa sababu ya ubao wa mume wake, Mayala. Mayala alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alichukua kipande cha ubao, akakipigilia soketi sita, akaunganisha waya mrefu. Kwanza aliutumia kuwasha taa na pampu ya maji kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia. Kisha akauleta nyumbani. Ubao ulikuwa ukipata moto, na siku nyingine ulinuka kama mpira unaoungua. Mayala alisema umechoka tu, kama yeye.

Wiki ile nyumba haikukalika kwa furaha. Binti yao Juliana, mwalimu huko Bukoba, alikuwa anaolewa. Wangeweza kwenda kwa basi kupitia Biharamulo. Lakini Juliana alijua kwamba mama yake alitamani kupanda meli tangu akiwa msichana, akawakatia tiketi za meli kutoka Mwanza. Vumilia alifunga begi, akalifungua, akalifunga tena, mpaka mume wake akamwuliza ni nani hasa anayeolewa.

Jambo moja lilimchoma moyo. Mama mkwe wake, Mageni, ndiye aliyemlea Juliana tangu alipoacha kunyonya. Sasa miguu yake haikuweza safari.

"Mayu, mama yangu, harusi utaiona," Vumilia alimwambia. "Nitakupigia simu ya video kanisani."

"Nataka nimwone yeye mwenyewe, anasogea, anacheka," Mageni alisema. "Usije ukaniletea picha tu."

"Nimekuahidi, mayu."

Gulnaz, mwenye duka la vitambaa, alisikia habari hiyo akaja mwenyewe bila kuombwa. Alisema atamkalisha bibi kwenye kiti chake cha dukani na kumshikia simu yake kubwa. Kilichobaki ni simu ya Vumilia kuwa na chaji. Simu ya Mayala ilikuwa ya tochi, haina video. Na meli ingefika asubuhi ya harusi yenyewe. Kutoka bandarini wangekwenda kanisani moja kwa moja.

"Usiwe na wasiwasi," Mayala alisema. "Ubao nitaubeba. Tutachaji sisi, na abiria wengine watachaji. Watatukumbuka."

Mwanza walifika mapema. Vumilia alipiga picha za mawe makubwa, za ndege, za meli kwa mbele na za meli kwa nyuma. Simu ikaanza kulia kwamba chaji inakwisha. Hakujali. Ubao ulikuwa ndani ya begi.

Pale bandarini mlinzi alifungua begi. Alipouona ubao na waya wake mrefu, alimwita fundi umeme wa meli. Akaja dada mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu. Aliwaamkia kwanza, shikamoo baba, shikamoo mama, ndipo akajitambulisha kwa jina la Esta. Hakucheka ubao. Aliugeuza polepole akaangalia mafundo ya waya.

"Kazi ya mikono yako, baba?"

"Yangu," Mayala alisema kwa fahari. "Huo umeendesha pampu ya duara zima. Simu utazishindwaje?"

Esta alisema hawezi kuuruhusu uingie melini. Angeufungia lebo yenye jina lao na kuuweka ofisini, wakauchukue kule Bukoba. Hata ekstensheni ya dukani, alisema, asingeiruhusu.

Mayala alikunja uso. Aliuliza kama umeme wa meli ni wa dhahabu. Vumilia naye moyo ulimshuka. Aliitazama simu yake, kisha akamweleza Esta habari za Mageni, za kiti cha dukani na za ahadi aliyoitoa.

Esta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa karibu nao, akaeleza.

"Mama, umeme wa meli haukufungwa kama wa nyumbani. Nyumbani, waya mmoja unaleta umeme, wa pili unaurudisha. Melini mara nyingi waya zote mbili zina umeme. Ekstensheni ya nyumbani ikijizima, inaweza kukata waya mmoja na kuacha mwingine. Wewe unaona taa imezima, kumbe umeme bado upo. Na mkichomeka vitu vingi kwenye soketi moja, waya unapata moto ndani, mahali usipoona."

"Ubao wetu unanuka kama mpira unaoungua," Vumilia alisema taratibu.

"Ndiyo. Hiyo harufu ni waya unaoungua, mama. Hata nyumbani ni hatari."

Mayala bado alikuwa ameshika mshikio wa begi. Vumilia alimgeukia.

"Baba Juliana, kule duarani mnamruhusu mtu ashuke na jenereta?"

"Hapana. Moshi utatuua wote kabla hatujafika kwenye ngazi. Hata tajiri mwenye duara hawezi kutulazimisha."

"Na humo melini, tukiwa katikati ya ziwa, ngazi iko wapi?"

Mayala aliitazama meli, akautazama mlango wake mwembamba. Kisha akachukua ubao kwa mikono miwili na kumkabidhi Esta.

"Fungia lebo, mwanangu. Hilo nimelielewa."

Mayala alipoinama kufunga begi, Esta aliona kitu kingine. Ilikuwa pawabenki, betri ya kuchajia simu, ya zamani, imevimba kama andazi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isipasuke. Alisema hiyo haipandi kabisa, na hata nyumbani haifai tena. Betri iliyovimba inaweza kuwaka yenyewe. Aliibeba kwa uangalifu mpaka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje ya meli. Pawabenki nzima, alisema, isiyovimba wala kupasuka, abiria hukaa nayo mkononi, haizikwi chini ya mizigo.

Melini walipewa chumba kidogo chenye vitanda viwili, meza na soketi moja. Esta alipita kuwaona kabla hajaenda kwenye mitambo. Alimwonyesha Vumilia namna ya kufanya. Chaja ichomekwe yenyewe ukutani. Simu ikae mezani, si kitandani wala chini ya mto, kwa sababu godoro huzuia joto lisitoke. Achaji akiwa macho. Ikijaa, achomoe, kisha azime intaneti ili chaji isiliwe bure. Kama chaja au ukuta ukipata moto sana, achomoe na kuita mfanyakazi wa meli.

"Na safari nyingine, mama, uliza kabla hujatoka nyumbani. Meli nyingine zina masharti yake."

Taa za Mwanza zilikuwa bado zinaonekana mwanamke wa chumba cha jirani alipobisha hodi. Soketi ya kwake ilikuwa imekufa, na alihitaji kumpigia mumewe. Vumilia alizoea kusema chomeka tu. Safari hii alimkaribisha kitandani, akamwomba angoje zamu. Wakala karanga, wakapiga soga za mahari na za mawifi. Simu ya Vumilia ilipojaa, aliichomoa akachomeka ya mgeni wake. Mayala aliangalia, akasema kumbe zamu nayo ni soketi.

Bukoba Esta aliwarudishia ubao. Mayala aliufungua palepale bandarini kwa bisibisi aliyoazimwa na mlinzi wa pale. Waya ndani zilikuwa nyeusi, plastiki imeyeyuka. Kisha akamwuliza Esta jinsi ya kuitambua ekstensheni nzuri ya kutumia nyumbani, naye Esta akamweleza: waya mnene, alama ya ubora, na vitu vichache kwa wakati mmoja. Mayala alirudia maneno hayo njia nzima mpaka kanisani.

Misa ilipokwisha, Vumilia alisimama kwenye ngazi za kanisa na kupiga simu. Gulnaz alipokea mara moja. Kwenye kioo ulitokea uso wa Mageni, karibu mno, kiasi kwamba kilionekana kipaji cha uso na jicho moja tu. Nyuma yake wateja wa duka walikuwa wamesongamana, vitambaa mikononi.

Juliana alitoka ndani akiwa ameshikana mkono na mumewe. Aliliona lile jicho. Aliachia mkono, akakusanya gauni lake jeupe, akapiga magoti juu ya ngazi mbele ya simu ya mama yake.

"Shikamoo, bibi."

Waliokuwa wanapiga vigelegele walisogea karibu kusikiliza.

"Marahaba, mjukuu wangu," Mageni alisema. Sauti yake ilisikika mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa. "Nimekuona. Inuka sasa, mwenzako amesimama juani."