Sumaku Juu ya Disketi

Kila Jumamosi asubuhi baba aliondoka nyumbani na bisibisi tatu, brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuona rangi, na kipande cha leso kuukuu ya mama. Hizo ndizo zilikuwa silaha zake. Baba yangu, Kipkurui, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi kuu ya shamba kubwa la majani chai, upande wa Kericho unaopakana na Bomet. Majirani zetu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, walidhani kazi yake ni kukaa kitini tu. Laiti wangejua! Vumbi la kiwandani liliingia kila mahali. Baba alipofungua mashine alikuta vumbi la kahawia, mende waliokauka, na siku moja kiota cha panya kilichojengwa kwa barua za meneja mwenyewe.

Mwaka huo wa 1996 nilikuwa darasa la sita. Nilitamani sana kuziona kompyuta hizo, nami nikitamani kitu simwachii mtu nafasi ya kupumua. Nilimsumbua baba wiki nzima. Mlangoni pa ofisi palikuwa na tangazo kwamba watoto hawaruhusiwi kuingia, lakini Jumamosi moja alichoka na kelele zangu, akanichukua.

"Cheptoo, kaa kwa hicho kiti. Usiguse kitu," aliniambia. "Na usiambie mtu ulikuja hapa."

Niliahidi. Muda si muda karani mmoja akamwita baba aende kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine ya kuchapia. Nikabaki peke yangu, na mfukoni nilikuwa na sumaku yangu.

Nilikuwa nimeitoa kwenye spika ya redio yetu iliyokufa. Ilikuwa ya mviringo, nzito, na shuleni nilijulikana kwa sababu yake. Nilianza kuokota nayo vibanio vya karatasi mezani. Kisha nikafungua boksi la plastiki lililokuwa kando, nikakuta disketi kumi na mbili, zile bamba za plastiki za kuhifadhia kazi ya kompyuta, zimepangwa vizuri, kila moja ina mwandiko wa baba. Nikailaza sumaku juu ya disketi hizo, nikarundika vibanio, nikajenga mnara. Nilipomsikia baba akirudi, nilirudisha kila kitu mahali pake. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatatu alasiri mvua ya mawe ilinyesha kama kawaida ya kwetu, na radi ikapiga karibu na kiwanda. Kompyuta iliyohifadhi kumbukumbu za wafanyakazi wote, elfu mbili na zaidi, ikazimika na haikuwaka tena. Baba hakushtuka. Kila Ijumaa alikuwa akiandika nakala ya kumbukumbu hizo kwenye disketi, ili mashine ikifa, majina yasife nayo. Alitia disketi ya kwanza kwenye kompyuta nyingine. Haikusomeka. Akatia ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Zote zilikuwa tupu.

Meneja, Bwana Ajwang, aliwakusanya watu wa ofisi akauliza ni nani aliyegusa boksi lile. Mtu mmoja tu aliinua mkono. Alikuwa Gekara, mfagiaji, jirani yetu wa mlango wa tatu.

"Ni mimi, Bwana Meneja. Jumamosi jioni nikipanguza meza nilisogeza hiyo boksi, nikaiweka dirishani. Nilisahau kuirudisha."

Basi hiyo ikatosha. Meneja alisema jua la Jumapili ndilo lililoziharibu. Jumanne Gekara alipewa barua ya kufutwa kazi. Katika mashamba ya chai, nyumba ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inaenda. Aliambiwa awe ametoka ifikapo Ijumaa saa sita mchana, yeye, mkewe, na watoto wake wanne. Wa kwanza kati yao alikuwa Phelis, tuliyeketi naye dawati moja.

Jioni hiyo baba hakugusa ugali.

"Jua ingekunja hizo disketi," alimwambia mama. "Lakini ziko sawa, zimenyooka. Kitu inaweza kufuta zote bila kuacha alama ni sumaku."

"Ulimwambia meneja?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, sumaku ilitoka wapi? Nikarudi kazini."

Mpaka wakati huo sikujua kabisa kwamba nilikuwa nimeharibu chochote. Sasa nilijua, na sumaku ilikuwa chini ya mto wangu, ndani ya soksi. Nilifungua mdomo niseme, nikakumbuka tangazo la mlangoni. Nikisema, ni baba atakayefukuzwa. Ni sisi tutakaotoka. Nikanywa maji, nikanyamaza.

Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Mama Phelis aliuza kuku wake wote, tena kwa bei ya kutupa, na akang'oa sukuma wiki iliyokuwa bado changa. Shuleni Phelis alirudisha vitabu vya darasa, kisha akanigeukia.

"Cheptoo, utanishikia nafasi yangu kwa dawati? Pengine baba atapata kazi tena turudi."

"Nitakushikia," nilisema.

Nilijichukia. Sijui neno lingine la kusema. Nilikuwa nikimtazama rafiki yangu usoni, na kilichokuwa kinamfukuza kilikuwa kwenye soksi yangu.

Ijumaa asubuhi trekta lilisimama mbele ya mlango wa Gekara. Mke wake alikuwa akifunga sufuria kwenye shuka. Phelis alikuwa amevaa sare ya shule, ingawa hakuwa anaenda shule, kwa sababu hiyo ndiyo nguo yake nzuri. Hakulia. Alimbeba mdogo wake mgongoni na kutazama chini.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Niliingia ndani, nikachukua ile soksi, nikakimbia mpaka ofisini bila kupumzika. Baba alikuwa ukumbini. Nilimpa soksi mkononi, akaupima uzito wake, akajua. Alifumba macho.

"Jumamosi?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba. Niliiweka juu ya disketi. Nisamehe."

Angeweza kuniambia nirudi nyumbani na sumaku yangu. Hakuna aliyetuona. Nilimwona akifikiri hivyo, kwa maana alitazama mlango wa nje, kisha mlango wa meneja. Mwishowe alinishika mkono, tukaingia kwa meneja.

Baba hakusema mengi. Alichukua disketi mpya, akaandika jina lake ndani yake, akamwonyesha Bwana Ajwang likionekana kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akailaza sumaku juu ya disketi, akaisugua kidogo, akairudisha kwenye mashine. Mashine ikanguruma, ikasema haiwezi kusoma.

Meneja aliichukua sumaku, akaigeuza mkononi.

"Nani alimwingiza mtoto?"

"Ni mimi. Na nilinyamaza. Nilipofikiria sumaku, nilikumbuka huyu mtoto alikuwa hapa, na niliogopa kumuuliza."

"Ungekuja Jumanne, Kipkurui, ningekupa barua ya onyo na mambo yangeisha," meneja alisema. "Lakini umeacha mtu afunge vitu vyake vyote, na wewe unajua."

Trekta lilirudishwa kabla halijafika barabara kubwa. Gekara alipewa kazi yake na nyumba yake, ila kuku hawakurudi, na shamba la sukuma lilibaki mashimo matupu. Baba naye alipewa barua ya kufutwa kazi. Ijumaa iliyofuata trekta lile lile lilisimama mbele ya mlango wetu, litupeleke kijijini Ndanai kwa babu.

Majirani walitazama kutoka mbali. Gekara peke yake alikuja, akabeba kitanda na baba bila kuulizwa. Walipomaliza, aliniita. Nilisimama mbele yake, nikatazama viatu vyake vya mpira.

"Cheptoo, niangalie. Siku ile nilisema mimi ndiyo nilisogeza boksi. Unafikiri sikuogopa? Niliogopa sana. Niliona watoto wangu barabarani. Lakini mkono wangu ndio ulisogeza, basi mdomo wangu ndio ulipaswa kusema. Wewe umesema, na nakushukuru. Lakini ulichelewa siku tatu, na kila siku ilikula kitu. Siku nyingine ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka mtu mwingine aanze kulipa."

"Nimesikia, Baba Phelis," nilisema. Machozi yalinitoka, sikuyapangusa.

Ilikuwa imebaki meza. Baba alishika upande mmoja, nami nikashika wa pili, lakini ilinishinda. Phelis alitoka kwao. Hakuwa amenisemesha wiki nzima, na hata siku hiyo hakunisemesha. Alikuja kando yangu, akashika meza, tukainyanyua pamoja mpaka juu ya trekta.