Sahani ya Feni Namba Sita

Feni namba sita ilikuwa imezimwa. Swichi ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi, ambaye hakumwachia mtu ufunguo huo hata siku moja. Mapanga yalikuwa yametulia, mota imeanza kupoa. Kwa mazoea tu, maana feni husikilizwa ikizunguka, aliweka ncha ya bisibisi kwenye ganda la beringi na mpini sikioni. Akasikia mtu akihema.

Aliondoa bisibisi, akapangusa sikio, akairudisha. Pumzi iliingia kwa filimbi nyembamba, ikakwama, ikatoka kwa shida. Aliijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilala kando yake. Ilikuwa pumzi ya mkewe.

Mkewe alikuwa chini, kwenye ukumbi wa cherehani, mstari wa pili, pale ambapo namba sita huvuta vumbi la vitambaa na kulitoa nje. Pumu alizaliwa nayo, lakini kwa miezi mitatu sasa ilikuwa ikimmaliza. Ngazi tano zilimshinda, na mganga wa zahanati alikuwa ameacha kumtazama usoni.

Fundi aliteremka na kopo lake la grisi.

"Daktari wa feni!" washonaji wakamtania, kama kila siku. "Mgonjwa anasemaje leo?"

Siku zote huwajibu kwamba mgonjwa analalamikia kelele zao. Siku hiyo aliwapita tu, akamtazama mkewe aliyeinamia cherehani huku mabega yakipanda na kushuka.

Jioni alikwenda kwa baba mkwe. Mzee alikuwa amezihudumia feni zile miaka thelathini, mpaka macho yakafifia, ndipo akamwachia mkwewe kazi, miezi mitatu iliyopita. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Ukipampu grisi mpya," akauliza mwishowe, "ile chafu inayotoka chini ya beringi unaifanyaje?"

"Naifuta, baba. Usafi wa kazi."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya namba sita?"

"Hata hiyo. Nilikuta ukutani pamechafuka, nikapasugua kwa mafuta ya taa."

Mzee alishusha kikombe polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Basi mwanangu, umemnyang'anya mtu sahani."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mimi nilikuwa naiacha pale, na mwezi ukifuata naikuta imelambwa, chuma kinang'aa. Mgeni akila na kukaa kimya, humwulizi ukoo wake."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Nikuandikie kwenye kadi ya ukaguzi?" Mzee akakisukuma kikombe kando. "Niliona aibu, mwanangu. Nikadhani ataondoka na mimi. Sasa mrudishie chakula chake. Ila mwenye njaa akishaonja cha moto, sijui kama atakitaka tena cha baridi."

Fundi hakumlaumu. Nani angeanza mazungumzo ya namna hiyo na mkwewe?

Kesho yake saa saba, washonaji walipotoka kula, alipanda peke yake. Alizima namba sita, akatia kufuli, akaanza kupampu huku akiuzungusha mhimili kwa mkono. Grisi ya zamani ikachomoza chini kama mkia mweusi, ikaning'inia. Hakuifuta. Akaweka bisibisi sikioni, na ile pumzi ilikuwepo, mbali kwanza, kisha karibu, ikipanda ndani ya chuma polepole kama mtu anayepanda ngazi akipumzika kila hatua, mpaka mpini ukapata joto, mpaka sikio likalowa, mpaka akahisi midomo imegusa ngozi yake, naye hakuthubutu kujitoa kwa sababu sauti iliyosema, kwa upole, ilikuwa ya mkewe:

"Hii imepoa."

Kisha kimya. Grisi ilibaki ikining'inia, haijaguswa.

Alishuka akikimbia, akamkuta mkewe katikati ya ngazi, anapanda kuja kwake, wekundu umerudi midomoni, hahemi kwa shida hata kidogo.

"Mume wangu, nimepona! Sasa hivi tu nimesikia kitu kimefunguka hapa."

Alimkumbatia huku analia. Kisha, kama alivyozoea kila pumu ilipombana, akaegemeza sikio mgongoni mwake.

Hapakuwa na pumzi. Ulikuwepo mvumo mmoja, laini, usiokatika, wa beringi iliyolishwa vizuri. Juu yao namba sita ilikuwa imesimama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Daktari!" wanawake wakaita kutoka mlangoni, wakirudi kazini. "Mgonjwa anasemaje?"

Mkewe aligeuka, akafuta pembe ya mdomo kwa kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi.

"Waambie," akanong'ona, "nimeshiba."