Alama Ndogo Mbele ya Namba

Nyumbani kwa Sanobar, mjini Urgut, shughuli zilikuwa zimepamba moto. Harusi ya binti yake Munira ilibakiza siku kumi na mbili. Mazulia yalikung'utwa, masufuria yaliazimwa, na kila mtu alicheka bila sababu.

Kilichobaki ni suzani, kitambaa kikubwa ambacho mama humtarizia bintiye. Ua moja jekundu lilikuwa halijakamilika. Pembeni huachwa jani moja bila kumalizwa, ili harusi zisiishe nyumbani. Lakini ua zima haliachwi. Wakwe wangetazama kila mshono.

Sanobar alivaa miwani akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukapita kando. Akajaribu tena. Kando. Hata mishono ya jana ilikwenda upogo.

"Mama, mpe shangazi amalizie," alisema Munira.

"Shangazi yako? Atalisimulia ua hilo mpaka wajukuu zako waolewe."

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Alihisi anapofuka.

Mara akaingia jirani yao Mavluda, fundi wa miwani sokoni, amebeba mkate wa moto.

"Dada, hiyo si miwani ya shemeji Turgun?"

"Ndiyo. Karatasi yangu ya daktari imeandikwa mbili, na ya mume wangu mbili. Ninunue nyingine ya nini?"

Mavluda alicheka nusura aangushe mkate. "Lete karatasi. Tazama mbele ya namba. Yako ina alama ya kujumlisha. Kwa watu wa rika letu, hiyo ni ya kuona karibu: sindano, kitabu, mchele. Ya shemeji ina alama ya kutoa. Humsaidia kuona mbali akiendesha lori."

Mavluda aliishika miwani ya Turgun juu ya maandishi. Herufi zikapungua. Akavua miwani yake mwenyewe ya kusomea, akaishika hapo hapo. Zikakua.

"Kumbe!" alisema Sanobar. "Na hizi OD na OS?"

"OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. La kulia limeandikiwa mbili, la kushoto mbili na nusu. Macho yako si pacha, dada."

"Na hii sitini na mbili? Mbona kubwa hivyo?"

"Usiogope. Ni milimita kati ya mboni moja na nyingine. Hunionyesha pa kuweka kila kioo."

"Kwa hiyo sipofuki?"

"Upofuke wapi? Umevaa macho ya dereva."

Siku ya tatu miwani yake mpya ilikuwa tayari. Sanobar alitunga uzi kwa jaribio la kwanza tu, akaita nyumba nzima ije kuona. Alifumua mishono ya upogo, akaanza upya. Alishona kwa furaha, akiimba.

Siku moja kabla ya harusi, suzani ilitundikwa. Munira aliikagua, kisha akagusa pembeni.

"Mama, hapa kuna jani halijaisha. Hukuliona?"

Sanobar alisukuma miwani yake juu ya pua.

"Naliona, mwanangu," alisema. "Naliona vizuri sana. Liache."