Mto Ambao Beya Hakuutaja

Dada yangu Laurentine aliondoka Kolwezi Jumanne saa tatu asubuhi, jua likiwaka vizuri baada ya wiki nzima ya mvua. Alikuwa anampeleka marehemu mumewe, Muteba, kuzikwa kwao Musumba. Shimo la shaba lilikuwa limemwangukia Ijumaa. Barabara ya Kapanga ilikuwa matope matupu, hivyo ukoo ukakodi ndege ndogo ya injini moja. Mimi aliniachia binti yake Chancelle, wa miaka miwili.

"Akilia, umupe bukari ya moto," aliniambia, akinionyesha unga wa ugali. "Siku tatu, niko hapa."

Kwetu, marehemu akiwa safarini hatumnyamazii. Kila mto tunaovuka, mtu wa damu yake humwambia kwa sauti: huu ni mto fulani, tunavuka, usibaki nyuma. Kazi hiyo ilikuwa ya Beya, mdogo wake Muteba, na mimi mwenyewe nilimkumbusha pale uwanjani. Alinikata jicho. Alikuwa ameokoka juzijuzi tu, na mlokole mpya ana kelele kuliko ngoma. Kila jambo la wazee kwake lilikuwa la shetani.

Yaliyofuata nilielezwa na Beya, na rubani Donatien hakubadilisha neno.

Viti vya nyuma viling'olewa, jeneza likalazwa sakafuni, Laurentine akaketi kando yake. Walipopita juu ya Lubudi, Beya alisema maneno yale harakaharaka, na rubani akageuka kumtazama. Beya akaona haya. Walipofika Lulua, mto wa mwisho kabla ya Musumba, alinyamaza.

Injini ikapungua nguvu. Haikuzimika, ilipungua tu, kama mtu anayeishiwa pumzi. Donatien alivuta kishikio cha kuipa injini hewa ya moto, akabadilisha tangi, akasukuma gesi mpaka mwisho. Mafuta yalikuwapo. Propela ilizunguka bure. Akainamisha pua ya ndege ili isipoteze mwendo, akageuka kuelekea uwanda wa nyasi aliouona upande waliotoka, akawaambia wafungue milango kabla ya kugusa chini.

Hapo Laurentine alimnong'oneza shemeji yake.

"Bofrere, ulimwambia Lulua?"

"Nilisema mu roho."

"Mufu hasikiaka bya mu roho."

Walitua. Nyasi zilichapa tumbo la ndege, gurudumu la mbele likavunjika, na wote watatu wakatoka wazima. Beya alilia kwa furaha. Aliponiambia hivyo nilitamani kumzaba kofi.

Simu hazikushika mtandao. Donatien akaona kichuguu kikubwa, kama hatua mia mbili hivi, akasema wapande huko. Walimwita Laurentine. Alikataa. Alikuwa amerudi ndani, kiganja chake kimelala juu ya jeneza.

"Muende tu," alisema. "Mi nabaki na bwana yangu. Anasema anaogopa."

Beya hakumuuliza nani anasema.

Mtandao ulipatikana. Walizungumza na watu wa Musumba kwa dakika ishirini hivi. Nyasi zilifika magotini tu, ndege ilikuwa mbele ya macho yao. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyeingia.

Walirudi.

Laurentine hakuwamo.

Waliita. Walizunguka. Kwenye matope walikuta nyayo zao wenyewe. Za dada yangu hazikuwapo. Jeneza lilikuwa palepale, misumari yote imekaa. Chini ya kifuniko ilitokeza pembe ya kikwembe chake, kitenge cha kijani alichojifunga.

Beya alivuta. Haikutoka. Alijaribu kung'oa misumari kwa koleo la rubani. Haikutikisika. Akaweka sikio kwenye ubao. Alichosikia hajaniambia mpaka leo, na mimi nimeacha kuuliza.

Watu wa Musumba walifika alasiri. Wazee waliitazama ile pembe, wakatazamana, wakakataza jeneza lisifunguliwe. Mmoja aliwaambia kwamba Muteba amekwisha kuchagua wa kuvuka naye. Wakazika.

Beya alikuwa ameikata pembe ile kwa wembe. Aliniletea, imelowa kama iliyotolewa mtoni, akaiweka mezani bila kuketi. Sijamsamehe. Chancelle sasa ananiita mama, nami nimeacha kumkosoa.

Kipande hicho ninacho. Nimekianika juani, nimekipiga pasi ya makaa, nimekitundika juu ya jiko kiangazi kizima.

Hakijakauka.